Ukisema Basi

Shangazi alikuwa ametoka kununua mafuta wakati mgeni aliposukuma mlango kwa bega la kushoto, kwa kuwa la kulia lilikuwa halisikii amri. Kucha zenye rangi nyeupe zilimtambulisha kabla hajafungua mdomo: fundi rangi. Akamtazama msichana aliyekuwa akikunja mataulo, akamuuliza mchuaji yuko wapi.

"Ndiye mimi, baba. Karibu."

Fundi akageuka kutazama mlango, kama anayengoja mkubwa wa binti huyo aingie. Lakini mwenye maumivu hachagui, akaketi.

Msichana alikuwa ametoka chuo cha tiba ya viungo juzijuzi tu. Wateja wote wa chumba kile walikuwa wa shangazi yake, ambaye alimwita Daktari kwa utani na kumwachia mataulo. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza wake mwenyewe. Aliuinua ule mkono taratibu. Ulipofika usawa wa kidevu ukagoma. Bega lilikuwa limeganda. Fundi akaeleza kwamba mwisho wa mwezi msimamizi angemjaribu kwenye dari la ukumbi mpya. Akiweza kushika brashi juu ya kichwa, kazi ni yake. Asipoweza, ngazi itapandwa na mwingine. Yeye ni mtu wa dari tangu ujana wake. Kuta, alisema, wanapaka wanaojifunza.

Msichana akaliweka taulo la moto begani, akachua kwa mafuta kulizunguka kombe la bega, kisha akaanza kuuvuta mkono juu, akiuliza kila hatua kama panauma. Fundi akajibu, "Endelea," uso mkavu kama ukuta. Mkono ukapita kidevu, ukapita sikio. Moyo wa msichana ukaruka kwa furaha.

Kesho yake fundi alirudi mkono ukiwa umefungwa kwa kitambaa tumboni, bega limevimba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Shangazi akaliangalia bega, kisha akamwangalia mpwa wake. Msichana akaomba radhi, kisha akamuuliza kwa upole kama jana hapakuuma.

"Paliuma kama kung'olewa jino."

"Mbona hukusema?"

Fundi akainamisha kichwa. Alisema hakuona vipi mtu mzima alie mikononi mwa mtoto halafu aende kujisifu kwenye ngazi. Shangazi akaangua kicheko kutoka kitanda cha pili, alikokuwa akimkanda mama mmoja kiuno. "Shemeji, hapa wanalia wote. Hata askari."

Msichana hakucheka. Akachuchumaa mbele yake, akamweleza kwamba bega likiumizwa hujikaza zaidi, na kwamba yeye hana macho ya kuona ndani. Sauti ya mgonjwa ndiyo macho yake.

"Tuahidiane, baba. Ukisema basi, mikono yangu inasimama hapo hapo. Hata pakibaki padogo namna gani."

Uvimbe ulipotulia wakaanza upya. Taulo la moto, mafuta, kisha mkono kuning'inizwa na kubembea, kisha vidole kupanda ukutani kama buibui. Msichana alichora mstari wa chaki ukutani, mahali ambapo mkono wa mtu wa dari hupaswa kufika. Mwanzoni fundi alisema "basi" kwa aibu, kama anayeomba maji nyumba ya watu. Baadaye akalizoea. "Basi, binti, hilo ni bega, si unga." Na vidole vikawa vinapanda.

Siku moja kabla ya jaribio, vidole viligota chini kidogo tu ya chaki. Fundi akalala kitandani.

"Leo nikisema basi, ziba masikio," alisema. "Usipoweza, yuko mvuta viungo kule sokoni. Nitaenda kwake."

Msichana aliutaka mstari ule kama fundi mwenyewe, pengine zaidi. Akachua mpaka nyama ikalainika, akaupandisha mkono polepole. Mbele kidogo alihisi ule mkazo wa mwisho, kama kamba iliyovutwa. Msukumo mmoja tu, na mkono ungefikia kimo cha chaki. Kwenye kitanda cha pili shangazi aliacha kukanda.

"Basi," fundi akasema, chini kwa chini.

Mikono ikasimama.

"Nimekwambia uzibe masikio!"

"Nilikuahidi, baba."

Hakuuachia mkono. Aliubeba uzito wake wote viganjani mpaka bega likaacha kutetemeka, kisha akaushusha kwenye taulo, kidogo kidogo, kama mtu anayemlaza mtoto. Fundi aliinuka. Akaenda ukutani, akapandisha vidole. Vikaishia pale pale, chini ya mstari. Kisha akachukua shati lake akalivaa, mkono wa kulia ukaingia kwenye shati bila kusaidiwa, na wala hakuonekana kuligundua hilo.

Mlangoni alisita. "Nitaomba kuta," alisema, akiuambia mlango.

Akatoka. Msichana hakujua kama atamwona tena. Akalikunjua taulo lililopoa na kulitia tena kwenye maji ya moto, na ile chaki akaiacha pale pale ukutani.