Mama Abigaïl Atafutiwa Mguu

Désiré alipiga simu kutoka Kasumbalesa, lori lake likiwa siku ya nne kwenye foleni ya mpakani.

"Yaya Séphora, unisaidie na mama. Tangu bamukate muguu, anakaa tu kitandani. Weye unajua kwenye banasaidiaka bantu ya vile."

Séphora, fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo ambaye Désiré alimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa heshima tu, alitembea kwa kinga yake, baiskeli ya magurudumu matatu aliyoiendesha kwa mikono, maana polio ilimlegeza miguu yote miwili akiwa mtoto. Alijua mengi, lakini mguu wa bandia hakuwahi kuutafuta. Hata hivyo alijibu, "Hiyo ni kazi ndogo," kwa sababu neno "sijui" lilikuwa halimtoki kinywani kwa urahisi.

Kesho yake asubuhi alimfuata Mama Abigaïl, mamake Désiré. Nyuma ya kinga kulikuwa na kisanduku cha mbao cha kubebea mizigo kama unga, na hapo ndipo majirani walipompandisha mama, akitazama kule walikotoka.

"Unanibeba kama mufuko ya bunga?"

"Mufuko ya bunga hailalamike, mama. Shika muzuri."

Mama akafungua mwavuli wake, akaanza kusalimia barabara nzima kama mke wa gavana. Muuza mikate alipomuuliza anaenda wapi, alijibu kwa sauti ya huruma, "Namusindikiza tu huyu. Maskini, iko na kilema."

Séphora alitaka kusema neno, ila barabara ilikuwa inapanda na pumzi hazikumtosha kwa mambo mawili.

Ofisi ambayo Séphora aliwahi kuisikia tu waliipata. Bango lilisema: HABARI NA MSAADA KWA WATU WENYE ULEMAVU. Chini ya maneno hayo palichorwa mshale mwekundu, nao ulielekea ghorofani. Séphora alizihesabu ngazi. Zilikuwa ishirini na mbili.

"Ofisa!" aliita. "Tuko hapa chini!"

Kijana mmoja mwenye tai alijitokeza kwenye baraza ya juu. Aliitwa Clément, na alikuwa na adabu zake.

"Karibuni, bamama! Pandeni!"

"Tupande na nini?"

Clément alizitazama ngazi kana kwamba zimejengwa usiku uliopita. Akaingia ndani, akatoka na fomu, akainama juu ya ukingo.

"Basi tutajaza vile. Jina?"

"Abigaïl!"

"Aina ya kilema?"

"Hakuna!" Mama alipaza sauti. "Miye siko kilema!"

"Anatafuta muguu ya bandia!" Séphora alipaza zaidi.

Wapita njia walianza kusimama. Clément alipekua karatasi zake, akasema mambo ya miguu yanahitaji dosiye, yaani faili, na dosiye inapelekwa Kinshasa, na Kinshasa hujibu ikipenda.

"Kinshasa ya nini?" Fundi viatu mmoja aliyekaa ng'ambo ya barabara, Mapalo, aliinua kichwa. "Masista beko na atelier, karakana ya miguu, hapa hapa, nyuma ya parokia. Siku ya ine, asubuhi. Miye njo nashonaka mikanda yao."

"Sista nani?" Clément aliuliza kutoka juu, kalamu mkononi.

Mwanamke mwenye beseni la nyanya akauliza kama kuna shule ya mtoto asiyesikia. Mwingine akamjibu kuwa ipo, akaeleza njia. Mzee mmoja akataja chama cha wasioona kinachokutana kila Jumamosi.

"Polepole!" Clément alilia. "Jumamosi saa ngapi?"

Fomu ilijaa upande wa mbele, akaigeuza nyuma, nyuma nako kukajaa. Mwishowe alizishuka zile ngazi ishirini na mbili akiwa amebeba kiti na daftari, akakaa barabarani katikati ya watu.

Wakati huo Mapalo alikuwa amevuka barabara. "Sasa, nani njo anahitaji muguu?"

Mama aliuinamisha mwavuli wake usoni. Séphora alijishughulisha na breki yake.

"Maana miye muguu yangu nilipata kule kwa masista," Mapalo aliongeza.

"Uongo," alisema Mama Abigaïl. "Nimekuona ukitembea."

"Pima. Gonga uone."

Mama alifunga mwavuli, akampiga nao mguuni kwa nguvu zote.

"Aaai! Ule mwingine, mama!"

Barabara nzima ilicheka. Mama hakucheka. Aliugonga ule mwingine taratibu, ukalia ko, ko. Aliutazama, kisha akamtazama mwanamume aliyesimama nao.

"Andika," alimwambia Clément, safari hii bila kupaza sauti. "Ni miye."

Alhamisi, ile siku ya ine aliyoisema Mapalo, walikwenda kwa masista. Mama alibishana na fundi wa atelier, kwani alitaka unyayo utakaokubali kiatu chake cha Jumapili, chenye kisigino. Fundi alisema kisigino hapana. Wakapatana kwenye kisigino cha urefu wa vidole viwili.

Wiki sita baadaye, amevaa mguu wake mpya, alisimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia, akapiga hatua nne, akautukana mguu kuwa ni mvivu, akapiga ya tano. Jasho lilimtiririka, naye Séphora pembeni alikuwa anajifuta macho na kipande cha kitenge.

Fundi alimwambia auvue apumzike, sahani za ugali zimefika. Mama alikataa katakata. Alikula bukari yake amesimama.