Mashuka Arobaini kwa Saa

Shangazi alilitoa lile neno asubuhi, amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, na alilitoa akicheka. Alisema ile wiki ya vipimo walijikaza hasa. Aliwatangazia wenzake wote kumi na watatu wa meza za pasi kwamba mwanawe anakuja kuwapima kwa ajili ya shahada yake, na ole wake atakayemwaibisha. Basi watu walipiga pasi utadhani wanafukuzwa. Chooni hawakwenda, soga hawakupiga, na yule bwana wa meza ya mwisho wanayemwita Kobe alikaribia kuzimia. Siku za kawaida, shangazi aliuliza, nani atapiga mashuka arobaini kwa saa? Labda aliyechoka kuishi.

Kisha akavaa viatu, akamtakia heri binti wa kaka yake, akaenda zake kazini.

Msichana akabaki palepale, mkate mkononi. Kule kiwandani wamempachika jina la Mchumi tangu siku alipoingia chuo kikuu kishiriki kusomea uchumi na menejimenti, na sisi tumwite hivyo hivyo. Alikuwa mwaka wa tatu, amebakiza ripoti moja tu. Kila mwanafunzi alitakiwa achague mahali pa kazi, apime nani anafanya nini na kwa muda gani, kisha asimame mbele ya mhadhiri na mwenye mahali pale aseme nini kirekebishwe. Wenzake walikimbilia mabenki na viwanda vya rangi. Yeye akachagua kiwanda cha kufulia anakofanya kazi shangazi yake, kinachofua mashuka ya mahoteli na hospitali, na tusimpambe hapa, alikichagua kwa uvivu. Alikijua, ni karibu, na kila mtu pale alimwita mwanangu.

Siku tatu alikaa kwenye kigoda kati ya meza, simu inahesabu sekunde, daftari mapajani. Aliona kwa macho yake mzigo wa siku nzima ukiisha saa nane mchana, na watu wakikaa kukunja upya foronya zilizokwisha kunjwa. Akaandika yote. Hesabu ikatoka safi: kazi ya watu kumi na wanne inaweza kufanywa na tisa. Aliipenda hesabu ile, akaichorea grafu mbili za rangi. Wala hakuwaza, mtoto wa watu, kwamba wale watano waliozidi wana sura na majina.

Sasa aliwaza, na uwasilishaji ulikuwa saa nne asubuhi hiyohiyo.

Alifika chuoni anahema, akamdaka mhadhiri kwenye korido. Huyu wanafunzi walimwita Ushahidi, kwa sababu huwezi kumsalimia asikuulize ushahidi wako uko wapi. Mchumi alimwomba wiki moja tu ya kurudia vipimo. Mhadhiri akatazama saa yake, akamwambia meneja wa kiwanda ameshaketi ndani, na kwamba ripoti yake ndiyo bora kuliko zote alizosoma mwaka ule. Siku nyingine neno hilo lingempaisha angani. Leo lilimkata maini.

Chumba kilikuwa kidogo, viti vya plastiki, projekta inanguruma kwenye meza ya mbele. Meneja alikaa kiti cha kwanza na nakala yake ya ripoti, na Mchumi aliona kutoka mbali kwamba ile tisa imezungushiwa wino mwekundu mara mbili. Alianza kusoma. Alisoma harakaharaka, akaruka ukurasa mzima, akalowa jasho mgongoni. Alipofika kwenye grafu ya pili akanywa maji, akamaliza hivyo hivyo.

Meneja hakungoja kuulizwa. Alisema kwa miaka sita watu wa pasi wamekuwa wakimlilia kazi ni nzito, awaongezee wenzao. Yeye muda wote yuko ofisini kwenye simu za wateja, kumbe huku nyuma wanamzuga, saa nane wameshamaliza. Alimshukuru sana binti. Alisema Jumatatu barua tano zitatoka, na kwa kuwa lazima aanzie mahali, ataanza na wakongwe, maana hao ndio wenye mazoea.

Mkongwe kuliko wote ni shangazi, miaka kumi na tisa kwenye meza ile ile. Hofu aliyokuwa nayo Mchumi tangu asubuhi sasa iligeuka kuwa aibu, na aibu ile ilimchoma vibaya.

Kwanza alijaribu ukweli. Alieleza kwa sauti ya kitaalamu, kama alivyofundishwa, kwamba mtu akijua anapimwa huongeza kasi, kwamba wale watu walijikaza kwa sababu yake, na kwamba kasi ile haiwezi kudumu mwezi mmoja bila watu kuumia.

Meneja alisikiliza hadi mwisho. Akafunga kalamu yake.

"Kwa hiyo wakitazamwa wanaweza," alisema. "Basi nitawatazama. Nitafunga kamera kila meza."

Mhadhiri alitikisa kichwa taratibu, akasema mjadala huo unavutia, lakini vipimo ni vipimo, na ushahidi upo mezani. Akachukua karatasi ya alama.

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Ukweli ulikuwa umeisha na umezidisha balaa. Lilibaki jambo moja, na jambo hilo alilijua tangu wiki ya kwanza ya somo, kwa sababu Ushahidi aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa: atakayetunga nambari atapata sifuri na atarudia mwaka. Gauni la mahafali lilikuwa limeshashonwa, shangazi ameshaualika mtaa mzima. Mchumi alifikiria yote hayo kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili, tena akiwa na hasira na kila mtu mle ndani, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

"Mwalimu," alisema, "nambari hizo nimezitunga."

Kalamu ya mhadhiri ilisimama. Alimwambia arudie.

"Siku ya kwanza nilikwenda. Siku mbili zilizofuata nilikaa maktaba nikajaza jedwali kutoka kichwani. Hata hiyo saa nane nimeitunga."

Mhadhiri alimuuliza kama anajua anachokisema. Akajibu anajua. Meneja akainuka, akasema amepotezewa asubuhi yake bure, akaitupa ile ripoti kwenye kiti na kutoka. Mhadhiri aliandika sifuri, akaizungushia, akamsukumia karatasi atie saini. Akatia.

Alirudi nyumbani, hakuwasha redio, hakupika. Shangazi alirudi saa kumi na mbili jioni amefura. Habari zilikuwa zimemfikia kiwandani kwa mdomo wa meneja mwenyewe, aliyepita kwenye meza za pasi akisema kuna mwanafunzi tapeli aliyezua vipimo. Shangazi hakuvua hata viatu.

"Umesema ni uongo," alisema. "Mikono hii ilipiga arobaini kwa saa, siku tatu, hata kushika kijiko jioni nikashindwa. Na wewe unakwenda kusema ni uongo?"

Shangazi aliendelea. Kesho atawachukua wote kumi na watatu, Kobe naye, wataenda chuoni kula kiapo mbele ya huyo mhadhiri kwamba kila shuka lilipigwa. Mwanawe hatarudia mwaka kwa kosa ambalo hakulitenda. Na alikuwa hatanii, tayari simu ilikuwa mkononi anatafuta namba ya wa kwanza.

Mchumi akainuka, akaushika ule mkono wenye simu.

"Shangazi, mkienda kuapa, Jumatatu watano wanatoka. Anaanza na wewe."

Akamweleza yote, kuanzia ile tisa hadi kamera. Shangazi alisikiliza amesimama. Kisha akaketi kitandani polepole, akaanza kuwataja mmoja mmoja wale ambao wangemfuata: mama pacha, yule mjane wa meza ya dirishani, mzee wa foronya, Kobe na sukari yake. Wa tano, yeye mwenyewe, hakumtaja. Aliiweka simu chini, akafunika uso kwa viganja, akasema ni yeye aliyemponza mwanawe kwa mapenzi ya kijinga.

Mchumi alikaa ubavuni mwake.

"Utarudia mwaka mzima," shangazi alisema.

"Nitarudia."

"Na vipimo?"

"Navyo."

Shangazi alijifuta macho na upindo wa kanga, akavua kiatu kimoja.

"Basi safari hii," alisema, "usituambie siku unayokuja."