Chumba cha Bwana Munyoki

Matheka hakuwa na ugomvi na kompyuta. Ugomvi wake ulikuwa na wakubwa. Mwaka huo wa 1986, kila asubuhi akishatembea kutoka Ziwani hadi ofisi ya Industrial Area alikokuwa tarishi na kumimina chai, alisimama nyuma ya kiti cha Nerima, binti wa Kimilili aliyekuwa akiandika programu ya zahanati, akauliza jambo.

Kwa kuuliza hivyo alijua kwamba programu si kitu kimoja. Ilikuwa vipande mia nne, vimemwagwa mahali pamoja ndani ya mashine kama mitumba ya soko la Gikomba, na kupata kimoja kulimla Nerima nusu saa. Sasa ilikuja mashine mpya, ambayo ungeweza kufanya vyumba vya kuwekea vipande ndani yake, na vyumba ndani ya vyumba.

Matheka aliuliza kama vina kuta. Havina. Milango je? Jina tu. Alipiga deki siku nzima akiwaza chumba ambacho ni jina tu.

Kisha Nerima akamweleza kwamba Bwana Munyoki, mkubwa wa ofisi, ameshaamua: kila mwandishi apewe chumba chenye jina lake, na kufikia Ijumaa vipande vyote viwe vimehamishwa. Matheka akaweka birika chini.

"Huyu mwandishi mwenzako Simiyu akienda kwao kuzika, chumba chake atafungua nani?"

"Mzee, hakuna kufuli. Mtu yeyote anafungua."

"Sawa. Lakini atajua ni hicho cha kufungua?"

Ndipo Matheka akamsimulia habari za Kavata, marehemu mkewe. Kwenye zahanati waliyokwenda, wakubwa waligawa kadi kwa makarani, kila karani na droo yake. Kadi ya Kavata iliandikwa kwamba penisilini humdhuru. Siku homa ilipomzidi hata kusema hawezi, karani aliyempokea mwanzoni alikuwa likizo, na waliobaki hawakujua kadi iko droo ya nani. Matheka alikimbia dirisha hadi dirisha. Aliporudi, sindano ilikuwa imeshaingia. Wakamwambia ni bahati mbaya.

"Bahati ilikuwa na mkubwa wake," alisema.

Nerima akageuza kiti. Akamwuliza yeye angegawaje. Matheka akampitisha njia anayopita mgonjwa: mlangoni, kwenye kadi, kwa daktari, kwenye dawa. Na ndani ya dawa, vidonge mbali, sindano mbali. Nerima aliandika mbio, akiuliza hapa wanafanya nini, pale wanafanya nini, mpaka chai ikapoa.

Alhamisi Bwana Munyoki akaona orodha mbili za vipande zimechapwa, moja kwa majina ya watu, moja kwa njia ya Matheka. Akacheka. Kumbe siku hizi tarishi ndiye anayefundisha watu kompyuta?

Nerima, kwa adabu, akamwomba atafute kipande kinachozuia mgonjwa asipewe dawa inayomdhuru. Bwana Munyoki akashika orodha yake, ile ya majina ya watu. Akashuka nayo kwa macho, akapanda nayo. Mwisho akauliza aliyeandika kipande hicho ni nani. Hakuna aliyekumbuka, na Simiyu alikuwa Webuye matangani.

Orodha ya pili akapewa Matheka, aliyesoma hadi darasa la tatu na husoma kwa kidole. Kidole kikaenda kwenye dawa, kikaingia sindano, kikasimama.

"Labda hiki," alisema. Nerima akakifungua. Kilikuwa hicho.

Bwana Munyoki alikunywa chai yake yote kabla ya kusema wafanye hivyo. Ila yeye kama mkubwa apewe chumba chenye jina lake, juu ya vyote. Nerima akakifanya.

Tangu hapo Matheka, akishamimina chai, huinama nyuma ya kiti cha Nerima na kuuliza kama wameweka kitu mle kwa mkubwa.

"Bado, Mzee. Kitupu."

"Na dawa?"

Nerima humfungulia. Matheka hutembeza kidole kwenye kioo, jina hadi jina, mpaka akifikie kipande kile cha sindano.