Picha Moja ya Kindness

Wa kwanza kuniletea habari alikuwa Mama Rogathe wa Mutuka. Aliingia studio mchana wa jua kali, akakataa kiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa shida, kisha akanipa simu yake nitazame. Ilikuwa picha ya marehemu mumewe, mzee Egidius, ambaye picha yake ya kutangulia jeneza niliichapa mimi mwenyewe. Ila kwenye simu alikuwa amevaa koti ambalo hakuwahi kuwa nalo, na alikuwa anacheka.

"Imekuja kwa jina la studio yako," alisema. "Mama Kindness, mume wangu ulimpiga lini picha hii?"

Nilimwambia sijui. Niliogopa, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo.

Picha za wateja wangu wote, za harusi, kipaimara na misiba, nilizihifadhi mtandaoni pamoja na namba zao za simu, tangu kompyuta yangu ilipoungua umeme uliporudi kwa kishindo. Nakala nyingine sikuwa nayo popote. Za binti yangu pia zilikuwa humo. Kindness alifariki akiwa darasa la tatu, na hizo ndizo picha pekee nilizobaki nazo.

Nilimwita Tariq, fundi kompyuta wa duka la jirani. Aliniuliza pasiwedi. Nikamwambia ni kindness.

"Mama Kindness," alisema polepole, "Babati nzima inakuita hivyo. Hata muuza nyanya anaijua pasiwedi yako."

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini alikuwa amesema kweli. Kina mama wa hapa tunaitwa kwa majina ya watoto wetu, na wengi ninaowajua wameyafanya hayo hayo pasiwedi za simu zao. Mtoto alipofariki sikuwa na moyo wa kulitoa jina lake.

Tariq akabadilisha pasiwedi. Kesho yake akaja Antonia, jirani yangu wa Nangara, na picha ya marehemu dada yake akiwa amebeba mtoto ambaye hakuwahi kumzaa. Hakuna aliyeombwa chochote. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana mwizi anayetaka hela ningemwelewa.

"Bado yumo ndani," Tariq alisema. "Ameshajiwekea mlango wake wa siri, pasiwedi mpya haimzuii. Tufute kila kitu, tufunge akaunti. Chagua kwanza za binti yako nikutolee."

Nilifungua folda ya Kindness, nikamkuta amevaa sare ya sekondari. Alikuwa mrefu, na shingo ya shangazi yake. Sekondari hakufika. Nilimpenda hata hivyo, na nikajichukia kwa kumpenda. Kwenye picha iliyofuata alikuwa kando ya ziwa na gauni la njano. Gauni nalikumbuka, lakini ziwani tulimpeleka lini? Kwenye nyingine alikuwa kwenye ngazi za kanisa anacheka, na Kindness alikuwa mtoto wa kununa mbele ya kamera. Au labda siku ile alicheka. Kovu la kidevuni, alipoangukia jembe, kwingine lilikuwa kulia na kwingine kushoto, na mimi mama yake nikashindwa kusema lilikuwa wapi.

"Mama, watu wanaendelea kutumiwa picha," Tariq alisema.

Nikachagua moja. Kindness yuko mlangoni kwetu, amenuna, ameshika kikombe. Hiyo nilikuwa na hakika nayo. Zote zilizobaki Tariq alizifuta mbele yangu, na nililia bila kujificha.

Niliichapa kubwa, nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni. Simon, mume wangu, alirudi kutoka shambani na mabuti yake ya matope. Aliisogelea, akaitazama kwa muda mrefu, nikadhani naye anataka kulia.

"Mama Kindness," aliniuliza kwa upole, "huyu ni mtoto wa nani?"