Mafuta Aliyokataa Kulamba

Harufu ndiyo iliyotupokea mimi na mama mkwe mlangoni mwa banda la samaki. Vifaranga wa kambare, wembamba kama uzi, walielea juu ya maji wakiwa weupe, wamenatana katika utando wa mafuta ya kahawia. Nilitapika pale pale, kwenye ndoo.

Mama mkwe hakutapika. Alizamisha mkono tangini akawa anawageuzageuza, kama mtu anayetafuta punje nzima ndani ya chuya. Walikuwa uzao wa kambare jike wake wa mwisho, na yule jike alikufa baada ya kukamuliwa mayai. Hakubaki hata mmoja wa kuanzia upya.

Mafuta ya samaki yalikuwa yametuishia wiki ile. Mama alikuwa na desturi: mafuta ya kuchanganya na chakula cha vifaranga lazima ayalambe kwanza. Yakimkera ulimi, hayaingii. Mume wangu akaleta dumu la mafuta yaliyochoka kukaangia chipsi, meusi, yamechina, yananuka kama tambara lililosahauliwa majini. Mama alichovya kidole, akalamba, akatema. Kisha akachovya tena, akamnyooshea mwanawe.

"Lamba na wewe, baba."

"Aa, mama nawe! Mafuta ni mafuta. Kwani samaki ana pua?"

Alicheka peke yake. Mama akalisukuma dumu chini ya meza, akamkataza kuligusa. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mimi na mama tulipokwenda kumjulia hali shangazi, mume wangu akayachanganya kwenye chakula cha vifaranga.

Sasa mama alitoka kwenye matangi, akanawa, akaenda jikoni kukaanga mayai kwa mafuta yale yale. Moshi wake ulining'ang'ania kooni. Akamwekea mwanawe sahani, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Kula. Au sema umekosea, yaishe."

Nilimwombea aseme. Neno moja tu, nami ningemtetea. Yeye akakata kipande, akatafuna, akameza, akakata kingine, mafuta meusi yakimchuruzika kidevuni. Akaipangusa sahani kwa mkate.

"Tamu," akasema.

Mama aliinama, akafunika uso kwa upande wa kanga. Mimi nilimtazama mwanamume niliyelala naye kitanda kimoja, na kichefuchefu kikanipanda upya. Mara hii hakikutoka kwa samaki.

Aliponyanyuka alinisogelea na ile midomo inayong'aa, anibusu kama kawaida yake.

Nikachukua ndoo, nikaenda kumwaga maji ya matangi.