Klachi ya Mwalimu Projestus

Baada ya kustaafu, Mwalimu Projestus alibaki na hamu moja: kurudi na mkewe Jovina kwao Muleba, ndani ya Landrover 109 ileile iliyowaleta Segerea wakiwa maharusi, usukani akiushika mwenyewe. Kikwazo kikawa klachi. Tangu masika ilizidi kuwa nzito. Kubadili gia tu kulimtoa jasho, na siku moja gari lilimzimikia katikati ya barabara, bodaboda wakampita wakimtukana.

Akalipeleka kwa fundi Nassibu, ambaye gereji yake ilikuwa jirani na sheli. Nassibu alisema magari ya zamani ndivyo yalivyo, ila klachi inaweza kulainishwa. Akaondoa kutu kwenye pini za pedeli na kuzipaka grisi. Projestus alijaribu, akasema bado. Fundi akafunga klachi mpya yenye springi laini. Bado. Mwisho akaitoa silinda inayosukuma mafuta ya klachi, akaweka nyembamba zaidi, akamweleza kwamba sasa pedeli itashuka mpaka karibu na sakafu, lakini haitahitaji nguvu.

Siku ya kulichukua gari, Projestus alivaa shati lake la kanisani. Akapanda, akakanyaga. Pedeli ilifika nusu ikasimama. Akashika paja kwa mikono miwili, akalisukumiza chini, mguu ukawa unamtetemeka.

“Hujafanya kitu,” alisema.

Nassibu hakubishana. Alimwomba ashuke kidogo, akachuchumaa mlangoni, akaisukuma pedeli kwa kiganja. Ikashuka yote.

“Mwalimu wangu,” alisema bila kumtazama, “hii klachi ni nyepesi tangu ile mara ya kwanza. Niliogopa kukwambia.”

Projestus akautazama mguu wake wa kushoto. Suruali ilikuwa inapwaya upande ule mmoja. Akakumbuka kandambili zilizokuwa zikimvuka njiani, na ngazi za kanisa alizolalamika kwamba zimejengwa vibaya. Akakaa kwenye tairi kuukuu lililokuwa pale, wala hakuweza kuinuka mpaka Nassibu alipomshika mkono.

Hospitalini daktari aliwaambia kwamba mishipa ya fahamu inakufa, kwamba ugonjwa wenyewe hauna dawa, na kwamba mikono nayo itafuata. Jovina aliuliza kuhusu mazoezi. Daktari akajibu kwamba yatamsaidia kidogo, si kumponya.

Nassibu alijitolea kuwaendesha mpaka Muleba. Projestus akamshukuru, akakataa. Hakutaka kuingia kijijini kwao akiwa upande wa abiria, ashushwe kama mzigo mbele ya ndugu zake.

“Baba Anna,” Jovina alimwambia jioni ile, “mie sijali unashushwaje. Twende ungali unaweza kukaa.”

Projestus akageuzia uso ukutani. Jovina hakulitaja tena.

Vuli ilipoingia Projestus alikuwa akilishwa kwa kijiko. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yakimtoka yamevurugika. Asubuhi moja, Jovina akimfuta kinywa, Projestus alitaka kumwambia kwamba amekubali, amwite Nassibu, waende. Akalisema. Jovina akainama karibu, akadhani anaomba maji, akamletea. Akalisema tena, polepole, akijitahidi kila silabi. Jovina akamshikia kikombe mdomoni, naye akanywa.