Oili Ilikokuwa Ikienda

Mimi siogopi gari linalovuja. Likivuja unaona doa, unafuata doa, unakuta tatizo. Linalonitia baridi ni gari linalopungukiwa oili huku sakafu ikiwa kavu, na gari la marehemu kaka yangu lilikuwa hivyo. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili kilitoka kikavu. Chini ya injini palikuwa na doa la ukubwa wa kisosi, basi.

"Si niliongeza Jumapili!" alisema shemeji, mjane wa kaka, akiwa amesimama mlangoni mwa banda la gari.

"Kwani umekuwa ukiongeza?"

"Kila likipungua. Ningeliacha na kiu?"

Tangu tumzike kaka, gari lile halikukanyaga barabara. Lakini kila Jumapili shemeji aliingia bandani, akaliwasha, kisha akahamia kiti cha abiria, kile alichokalia maisha yake yote ya ndoa, akalisikiliza likinguruma mpaka chai imwishie kikombeni. Halafu akalizima na kurudi jikoni. Mazikoni hakutoa chozi, na wambea hawakumwacha. Koti la ngozi la kaka lilikuwa bado limevalishwa mgongoni mwa kiti cha dereva, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata kulipangusa vumbi.

Sasa mwanawe alikuwa amekuja kumchukua akaishi naye. Wangeondoka kesho asubuhi kwa gari hilohilo, washuke mlima wote, ule wenye kona ambazo hata malori huzipigia honi kabla ya kuzifikia. Huyo mwana tunamwita Haraka, kwa sababu alizaliwa njiani mama yake akipelekwa hospitali, na hajatulia tangu siku hiyo. Ana mvi sasa, lakini jina bado linamkaa.

"Ba'mdogo, oili ni ya kuongeza tu," alisema. "Tatizo lilikuwa klachi, na klachi nimeshaimaliza jana."

"Umeimalizaje?"

"Ilikuwa imeganda, gia haziingii. Nikaliwasha likiwa kwenye gia, nimekanyaga klachi na breki, likaruka, likaruka, klaa! Ikaachia."

Nilimwambia klachi haisifiwi kwa kuachia, inasifiwa kwa kushika. Nikaongeza oili, nikawasha, nikakaza breki ya mkono, nikaweka gia ya nne na kuinua mguu kwenye klachi. Injini ilipaswa kuzimika palepale. Haikuzimika. Ilipunguza sauti kidogo, ikaendelea kuzunguka, na harufu ya kitu kinachoungua ikapanda kutoka chini ya miguu yangu. Sili ya nyuma ya injini ilikuwa imekauka kwa kukaa, oili ikapenya mpaka kwenye pleti ya klachi, na pleti ikawa inateleza.

Hiyo ilikuwa oili kidogo. Nyingine je?

Nilizima, nikafungua bomba linaloleta hewa kutoka kwenye filta mpaka kwenye turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, nikaingiza vidole na kutikisa feni yake. Ilicheza kama jino la mtoto, na turbo iliyolegea hivyo hutema oili kwenye njia ya hewa. Nikalegeza bomba la upande wa pili, lile linalopeleka hewa kwenye rejeta ya kupozea hewa mbele ya gari, na oili nyeusi ikanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Nililikaza upesi. Niliigonga ile rejeta kwa bisibisi, ikanijibu kwa sauti ya debe lililojaa. Oili ya Jumapili zote ilikuwa mle, inasubiri. Niliogopa, na sioni haya kusema.

"Haraka, nisikilize," nilisema. "Hii ni dizeli. Mtu akikanyaga mafuta kwa nguvu, injini itaivuta hii oili iichome kama dizeli yenyewe. Ikishaanza, ukizima ufunguo haikusikii. Dawa yake ni kutia gia na kuachia klachi ili injini ikabwe. Na klachi hii haikabi kitu."

"Basi sitakanyaga kwa nguvu."

"Kwenye mlima ule? Na mama yako kando?"

Alicheka. "Ba'mdogo, wewe hata baiskeli ulikuwa unaiogopa."

Nilimwacha na kicheko chake, nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta beseni la kukingia ile oili. Nikiwa huko nikasikia gari likiwaka. Baadaye aliniambia alitaka tu mama yake asikie jinsi lilivyopona. Nilimsikia akikanyaga mafuta mara moja, kisha mara ya pili. Mara ya tatu haikuwa yake.

Mlio ulipanda, ukapanda tena, ukawa kelele ambayo sikuwahi kuitarajia kutoka kwenye gari la familia. Nilitupa beseni nikakimbia. Banda lilikuwa limejaa moshi mweupe, na ndani ya moshi ule Haraka alikuwa kwenye usukani, ufunguo ameuchomoa kabisa anao mkononi, na injini bado inapiga yowe. Alitia gia akaachia klachi. Gari lilitetemeka tu pale liliposimama, na moshi mwingine ukafuka kutoka chini.

"Tokeni!" nilipiga kelele. "Itapasuka!"

Haraka alitoka mbio. Shemeji hakutoka. Alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, mikono mapajani, akiusikiliza ule mlio.

Mdomo wa turbo ulikuwa wazi, vilevile nilivyouacha, unavuta hewa, na kuikata hewa hiyo ndiyo dawa pekee iliyobaki. Ningeuziba kwa kiganja ungeondoka na vidole, na kitambaa changu cha kufutia ungekimeza. Niliinama dirishani kwa shemeji nikapaza sauti, "Kitu kizito! Nipe kitu kizito cha kuzibia, shemeji, tutakufa!"

Alinitazama. Kisha akageuka, akalivua koti la kaka kutoka kitini na kushuka nalo. Hakunikabidhi. Alilikunja mwenyewe, akaja mpaka mbele ya boneti lililoinuliwa.

"Wapi?"

Nilimwonyesha. Tulilikandamiza pamoja kwa uzito wetu wote. Turbo ililing'ata, ikalivuta, mikono yetu ikavutwa nalo. Injini ikakohoa, ikalitikisa gari zima, ikafa.

Masikio yalinivuma. Haraka alikuwa amekaa chini nje ya banda, ufunguo mkononi. Shemeji alilivuta koti akalikunjua. Ukosi ulikuwa umeliwa, na mfuko wa kifuani ulikuwa umelowa oili, ile aliyoimimina mwenyewe Jumapili baada ya Jumapili.

"Mimi nilidhani nalitunza," alisema.

Nilitaka kumwambia si kosa lake, kwamba nimeona hata mafundi wakiongeza oili bila kuuliza inakokwenda. Aliniinulia mkono ninyamaze. Alikuwa anasikiliza. Banda lilikuwa kimya, nyumba nayo ilikuwa kimya, na gari hilo lisingewashwa tena Jumapili.

"Kumbe amekufa, shemeji," alisema, na hapo ndipo alipolia.